Dawa ya Kaka si Dawa ya Mdogo

Mdogo wangu wa Sibwesa, swali lako nimelisoma. Mwanao mkubwa, wa miaka mitatu, alipata nimonia, akaandikiwa amoksilini ya kuyeyusha kwenye maji: vidonge viwili asubuhi, viwili jioni, siku tano. Siku ya tatu ikaisha yuko uani anakimbizana na kuku, ukaacha kumpa, vinane vilivyobaki ukavihifadhi kwenye ile bahasha yake. Sasa mdogo wake wa miezi minane anakohoa na mwili una joto, nawe unaona heri umpe hivyo hivyo kuliko kuhangaika na nauli ya bodaboda.

Usimpe. Na kabla sijakueleza sababu, weka gazeti chini uende kwa mtoto. Akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mpandishe nguo, tazama kifua na tumbo vinavyopanda na kushuka, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa umri wake, zikifika 50 au zaidi ni dalili ya nimonia (akishatimiza mwaka, kipimo kinakuwa 40). Zikifika hapo, au ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea hata kuamka ni shida, basi nauli hiyo itafute hata kwa kukopa, hata kama ni usiku. Na hata kama hazifiki, homa ya mtoto huku Katavi haipaswi kupita siku bila kupimwa malaria. Mpeleke zahanati.

Turudi kwenye vidonge, maana hata hesabu yenyewe inakukatalia. Mtoto wa miezi minane akikutwa na nimonia, kwa kawaida huandikiwa kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tano, kulingana na uzito wake. Hivyo ni kumi. Wewe una vinane. Ungekuwa umegawa dozi moja kwa watoto wawili na hakuna hata mmoja aliyemaliza ya kwake.

Huyo mkubwa naye usimrudishie dawa kimyakimya leo kwa sababu mimi nimekusema. Ukienda zahanati na mdogo wake, nenda naye pia, na vidonge uvibebe, umwambie mhudumu ulipoishia. Homa kushuka maana yake vimelea vimepungua, si kwamba vimekwisha. Ugonjwa unaweza kurudi. Vilevile, kila antibayotiki kama hizi zinapotumiwa ovyo, vimelea dhaifu hufa na vile vinavyoweza kuzihimili hubaki na nafasi ya kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya dozi pungufu kwenye hotuba yake ya Nobel mwaka 1945, dawa yenyewe ikiwa bado mpya. Siku hizi Tanzania tunaita tatizo hili UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Mtoto wako akija kuugua vibaya kesho, ndilo litakaloamua kama sindano itamsaidia.

Sasa hapa nitawagusa wengi. Mtoto anapimwa malaria, kipimo kinasema hana, mama ananuna: "Yaani nimetoka kote huko nirudi na panado tu?" Ndugu yangu, kurudi na panado huenda ndiko kutibiwa vizuri. Utafiti wa watoto 1,005 wenye homa, uliofanywa Dar es Salaam na Ifakara na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta takriban saba kati ya kumi wana maambukizi ya virusi, na virusi antibayotiki haivigusi. Baadaye, kwenye vituo vya Mbeya na Morogoro, wahudumu walipewa programu ya kuwaongoza hatua kwa hatua wanapompima mtoto. Walioandikiwa antibayotiki wakawa chini ya robo, wakati kwenye vituo vingine walikuwa takriban saba kati ya kumi, na watoto hawakudhurika kwa kuzikosa. Kwa hiyo mhudumu akikwambia haihitajiki, usimbembeleze. Muulize nini kikitokea umrudishe mtoto, na lini. Tiba ya kikohozi cha mafua kwa huyo wako wa miezi minane ni kumnyonyesha mara kwa mara na kumwangalia. Asali ya Mpanda ni tamu na tunajivunia, ila aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa, hata kama anakohoa.

Duka la Dawa Muhimu lipo kukusaidia, sikatai. Mpango huo ulianza Ruvuma mwaka 2003 kwa ajili ya watu wa vijijini kama sisi. Lakini antibayotiki chache linazoruhusiwa kuuza zinataka cheti. Kuingia pale na kusema "nipe rangi mbili za elfu moja" si kununua dawa. Ukiwa na cheti na hela haitoshi dozi nzima, usikate nusu ukanyamaza. Rudi kwa aliyekuandikia, mara nyingi ipo ya bei nafuu zaidi.

Kwenye dirisha la dawa usiondoke na "moja mara tatu" kichwani tu. Mara tatu ni kila baada ya saa nane, si asubuhi, saa nne na mchana ili ulale mapema. Uliza kama inanywewa na chakula au kabla. Mtu akivimba uso au kuwashwa mwili mzima baada ya kumeza, asimeze nyingine, akimbizwe kituoni.

Na baba watoto, kama ameandikiwa flajili, pombe akae nayo mbali mpaka dozi iishe na siku mbili tatu zipite. Wewe nawe, ukijihisi una ujauzito, mwambie mhudumu kabla hajashika kalamu, maana antibayotiki kama doksi haifai kwako.