Mwenye Mimba na Watu wa Nyumbani Mwake

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, mwanamke ashikapo mimba, jambo la kwanza ambalo mumewe hulitambua si tumbo, maana tumbo huchelewa kuonekana, bali ni mageuzi ya tabia: mke aliyekuwa akimpokea kwa bashasha sasa hawezi kuistahimili harufu ya manukato yake, samaki aliyempenda jana leo anamtapisha, adhuhuri inamkuta amelala, na machozi humtoka pasipo ugomvi. Mume asiyeelimishwa hudhani kwamba amechukiwa, na mama mkwe hudhani kwamba mwanawe ameoa mvivu. Wazee waliposema kwamba mimba imemkataa baba, walimtendea mke ihsani kubwa, kwa kuwa walimwondolea lawama na kuiweka juu ya hali inayopita.

Asili ya hali hiyo ni homoni, ambazo katika miezi ya mwanzo huongezeka mwilini kwa kasi, zikaleta kichefuchefu, uchovu na wepesi wa kuhuzunika. Aghalabu hutulia kati ya wiki ya 16 na ya 20. Humfaa mama kula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na kupata mtu wa kumshikia jiko pale harufu ya mafuta inapomshinda. Lakini ikiwa hata maji hayakai tumboni, mkojo umekuwa mzito na mwili unakonda, apelekwe hospitali; hali kadhalika, huzuni isiyomwachilia kwa wiki mbili na zaidi ni maradhi, naye muuguzi aelezwe.

Taabu inayojificha zaidi ni upungufu wa damu. Wenye mimba wengi hutamani udongo, nao huuzwa sokoni vipande vipande, ilhali waweza kuzuia madini ya chuma yasiingie mwilini na kubeba mayai ya minyoo. Chai nayo, inywewapo pamoja na chakula, huyazuia madini hayo hayo. Basi na ingoje muda wa saa moja au mbili. Kliniki hutoa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vya kumezwa kila siku, na choo kikigeuka cheusi kwa ajili yake pasiwe na hofu. Penye malaria, ambayo nayo hupunguza damu, kuanzia mwezi wa nne hutolewa pia dawa ya SP ya kuikinga, baina ya kipimo na kipimo usipungue mwezi mmoja, pamoja na kulala ndani ya chandarua chenye dawa. Lakini vidonge havitoshi katika nyumba ambamo sinia la wanaume hupelekewa minofu na mjamzito akabakishiwa mchuzi. Desturi hiyo siioni kuwa heshima, na mwenye nyumba aweza kuiondoa kwa neno moja.

Habari ya faragha wengi huona haya kuiuliza. Mimba isiyo na dosari haidhuriwi na tendo la ndoa, wala mtoto haumizwi. Wa kujizuia ni wale ambao damu imewatoka, chupa imevunjika, au tabibu amesema kwamba kondo la nyuma limekaa chini. Na mke asipojisikia, mume asubiri bila kununa na bila kutafuta nje, kwani maradhi atakayoyaleta huko yaweza kumfikia mama na mtoto kwa pamoja. Ama mkono wa kupiga, huo hauna udhuru wowote: pigo la tumbo laweza kulibandua kondo la nyuma na kumwua mtoto, na mama yake pia. Mke anayepigwa amweleze mkunga wakiwa wawili tu.

Baada ya wiki ya 20 huweza kuzuka kifafa cha mimba, ambacho huanza kwa shinikizo la damu kufika 140 kwa 90 au kupita, huku mama akijiona mzima. Akiumwa na kichwa kisichotulia, akiona vimulimuli, akivimba uso na mikono, au akisikia maumivu chini ya mbavu, asingoje kupambazuke. Degedege likimpata, wapo wasemao ni shetani, wakateketeza saa nzima kwa ubani, ilhali hospitalini ipo sindano ya magnesiamu salfeti. Ili hatari za namna hii zigunduliwe mapema, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2016, lilipendekeza mama aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8, ya kwanza kabla ya wiki ya 12 kupita.

Mwaka 1994 wataalamu Thaddeus na Maine waliandika juu ya ucheleweshaji wa namna tatu unaowaua akina mama wazazi, na wa kwanza ni wa kukata shauri. Mume yuko baharini au safarini, mama mkwe anaogopa kuamua peke yake, na mke anatokwa na damu akingoja ruhusa. Ruhusa hiyo yafaa itolewe mapema, pamoja na nauli iliyowekwa kando, jina la atakayemsindikiza, na jamaa walio tayari kutoa damu. Basi ewe mume usomaye maneno haya, mwite mkeo na mama yako leo hii, uitoe ruhusa hiyo wote wawili wakisikia.