Kuhakiki Si Dhana Mbaya



Ndugu wasomaji, Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 12:09 asubuhi kwa saa za Bujumbura, kampuni ya CrowdStrike ilituma faili dogo la kusasisha programu yake ya ulinzi. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Safari za ndege zilifutwa, hospitali zikakwama. Faili liliondolewa baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilizokwisha kuanguka zilihitaji mkono wa mtu, moja baada ya moja.

Kosa lilikuwa nini? Chukua kabati la viatu la msikitini lenye nafasi 20. Mtu anaagizwa alete viatu vya nafasi ya 21. Asipohesabu, atapeleka mkono nje ya kabati na kushika chochote kilichopo. Ndivyo ilivyotokea: faili lilitaka thamani ya 21 isomwe, ilhali zilizokuwepo ni 20 tu. Programu ikasoma nje ya mpaka wa kumbukumbu yake.

Programu ya kawaida ikikosea hivyo, mfumo endeshi huizima hiyo peke yake. Lakini hii ilikuwa draiva ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo, penye mamlaka makubwa kabisa. Keneli ikigusa anwani isiyo halali, Windows husimamisha mashine nzima ili kuzuia uharibifu zaidi. Kwa hiyo dawa hutangulia kosa: linganisha namba inayoombwa na idadi iliyopo, ikizidi, kataa. Sharti hilo dogo kampuni ililiongeza wiki iliyofuata.

Kwa nini halikuwepo mwanzo? Faili lilitoka kwa wenyewe, na lilikuwa limepita kwenye kikaguzi chao, ambacho nacho kilikuwa na hitilafu. Draiva ikaamini.

Hapa tuikumbuke aya ya deni, al-Baqara 282. Allah anawaamrisha walioamini waandike deni na waweke mashahidi, hali ya kuwa wanaokopeshana ni waumini. Kuandika si kumtuhumu ndugu yako. Ni kuilinda haki yake na yako. Basi anayeshika sanduku la jumuiya ahesabu fedha hata akikabidhiwa na imamu. Kadiri amana inavyokuwa kubwa, ndivyo kuhesabu kunavyokuwa wajibu zaidi.

Wabillahi tawfiq.