Zebaki: Sumu Isiyoonekana Hewani

Tukisikia hewa chafu, wengi wetu twafikiria moshi wa matatu tu. Kumbe kuna sumu isiyoonekana wala kunuka: mvuke wa zebaki.

Je, watoka wapi? Kwanza, kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu, kama ule wa Migori. Mawe husagwa, unga wake ukachanganywa na maji na zebaki ndani ya karai. Zebaki hushikana na dhahabu kuwa donge, nalo huchomwa. Kwa nyuzijoto 357 zebaki huchemka na kupaa, dhahabu hubaki. Mwaka wa 2015, uchimbaji huo ulitoa karibu asilimia 38 ya zebaki yote ambayo binadamu walitia hewani duniani. Pili, ni makaa ya mawe. Tatu, viwanda vya saruji, na uchomaji wa takataka zenye taa za tyubu na vipimajoto.

Mvuke huo huharibu ubongo na figo. Ukishuka na mvua huingia ziwani, halafu samaki, halafu sahani zetu.

Basi anayechomea dhahabu jikoni, watoto wakiwa kando, awatia sumu bila kujua. Afadhali achomee nje, mbali na watu, katika chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke. Hata zebaki yake itarudi! Jamani, dhahabu bila afya ni ya nini?