Mzazi na Josho Lake

Ndugu Waislamu, wako binti zetu wa pwani waliofuata waume zao Noonkopir, huko Kitengela katika Kajiado, ambako maji mengi hununuliwa na baridi ya usiku ni kali. Mmoja wao akizaa, huambiwa asijitie maji mpaka arobaini.

Twauliza, neno hili limetoka wapi? Asmaa binti Umays, mke wa Sayyidna Abubakar, alijifungua Dhulhulaifa mwaka wa 10 wa Hijra, katika safari ya Hija. Mtume (s.a.w.) alimwamrisha aoge, ajifunge kitambaa na ahirimie. Hakuambiwa angoje.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, wingi wa nifasi ni siku 60. Arobaini ni ada ya wengi tu. Damu ikikatika siku ya 15, mzazi huoga josho na sala humwajibikia papo hapo. Anayemzuia amemkosesha sala za siku 25, na hili latuuma kuliko nguo chafu.

Hata kabla ya josho, ndoo ya maji ya vuguvugu yatosha kila siku. Vitambaa vifuliwe kwa sabuni, vianikwe juani, si uvunguni. Achane nywele, atie wanja, avae kanga safi. Liwa ni kwa aliyeipata. Lakini homa, damu nyingi au harufu mbaya haziondolewi kwa udi: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na bei ya maji ya josho la nifasi, wanavyuoni wetu wameiweka juu ya mume.