Mchoraji, Umesimama Wapi?

Maswali na majibu kuhusu pespektivu na mpangilio wa picha, na mwalimu wa uchoraji, Mathare

Barua zimerundikana. Za kuuliza penseli ya 2B inapatikana wapi nimeziweka kando. Muulize mwenye duka la vitabu. Nimechagua zile zinazoniudhi, na chache zinazonitia wasiwasi. Zinazofanana nimezijibu kwa pamoja.

Mwalimu, nachora bonde kutoka upande wa Juja Road. Upeo wa macho niuweke pale mabati yanapoishia, au pale mbingu inapokutana na majengo ya ng'ambo? Nyumba zangu zote zinateleza. – Kijana wa Mashimoni

Si huku wala si kule. Hili ndilo kosa linaloniudhi kuliko yote, kwa hiyo vumilia, jibu ni refu.

Upeo wa macho ni kimo cha jicho lako, basi. Ukichuchumaa unashuka nawe. Ukipanda ghorofani unapanda nawe. Baharini, au kwenye mbuga za Athi, unaangukia karibu kabisa na pale mbingu inapogusa ardhi. Ndiyo maana vitabu vinapenda ile picha ya reli inayonyooka hadi kupotea. Watoto wetu wanafundishwa kwa picha hiyo ya nchi tambarare, kisha wanarudi nyumbani kuchora bonde. Bondeni mbingu inagusa chochote kilichojitokeza: paa, tangi la maji, miti ya upande wa Muthaiga. Ukiufanya mpaka huo kuwa upeo, kila kitu kitateleza, na chako kimeteleza.

Fanya hivi. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, itie maji nusu. Ishike mbele ya uso na uiinue polepole. Ikiwa chini ya jicho utaona uso wa maji kutoka juu. Ikipita jicho utauona kutoka chini. Katikati kuna mahali uso huo unageuka kuwa mstari mmoja mwembamba. Hapo simama, tazama moja kwa moja kupitia mstari huo hadi ng'ambo ya bonde. Kile unachokigusa, kiwe dirisha la ghorofa ya tatu au nguzo ya stima, ndicho kilicho kwenye upeo wako. Kitie alama kwenye karatasi kabla ya kuchora kitu kingine chochote. Fundi wa nyumba husawazisha msingi kwa mpira wa maji kwa kanuni hiyohiyo.

Sasa angalia kinachotokea. Ukiwa juu, Juja Road, karibu mabati yote yako chini ya upeo. Unaona migongo ya paa, na kila mstari uliolala sawa, yaani ukingo wa paa, linta, kizingiti, unapanda kuelekea upeo kadiri unavyokwenda mbali nawe. Teremka hadi mtoni, kisha geuka utazame ulikotoka. Nyumba zilezile sasa ziko juu yako. Unaona tumbo la paa badala ya mgongo, na mistari ileile inashuka. Nyumba hazijasogea hata inchi. Umesogea wewe.

Tuje kwenye njia yenyewe. Njia inayoteremka mbele yako haipotelei kwenye upeo. Ina nukta yake ya kupotelea, yaani pale mistari yake inapokutana, chini ya upeo. Inayopanda ina nukta yake juu ya upeo. Lakini nyumba zilizo kando ya njia zimejengwa zikae sawa, kwa hiyo sakafu na linta zake zinafuata upeo. Kama nyumba zimepangwa kuifuata njia, nukta hizo mbili hukaa moja juu ya nyingine, kwenye mstari wima mmoja. Wengi wenu mnapeleka njia na nyumba kwenye nukta moja, na matokeo yake ni barabara tambarare. Bonde lote linafutika, na mimi naletewa mchoro wa Mathare unaofanana na Umoja.

Paa la mteremko mmoja nalo lina nukta yake. Usiitafute kwanza. Chora nyumba kama sanduku lisilo na paa, liweke sawa na upeo, kisha inua ukuta mmoja na uunganishe. Mikunjo ya bati ije mwisho kabisa. Anayeanza na mikunjo huwa hamalizi.

Je, nahitaji iPad? ibisPaint au Krita? Simu yangu ni ndogo, nitaweza? Nimewasha rula ya pespektivu lakini kona za nyumba zinatoka kali kama wembe. – Barua kadhaa, Huruma, Kosovo na Mlango Kubwa

Huhitaji iPad. Procreate inataka iPad, lakini ibisPaint inafanya kazi kwenye simu ya kawaida na ina rula za pespektivu. Krita ni ya bure na kwenye kompyuta inatosha kabisa. Mmebishana kuhusu programu hadi nikachoka kusoma. Hakuna programu inayojua ulisimama wapi.

Swali la maana ni hilo la wembe. Kona ya nyumba ina kuta mbili zinazokutana kwa pembe mraba, na kila ukuta una nukta yake kwenye upeo. Kati ya nukta hizo mbili kuna nyuzi 90 za kutazama. Ukizibana zote ndani ya skrini ya simu, umedai kwamba picha yako inaonyesha zaidi ya nyuzi 90 kwa mara moja, na jicho lililotulia halioni hivyo vizuri. Picha nyingi zinazotulia huchukua nyuzi 60 au chini. Kwa hiyo punguza ukubwa wa turubai kwenye skrini, uzitupe nukta nje, mbali kushoto na kulia. Mara nyingi moja tu, au hata sifuri, ndiyo itabaki ndani ya fremu. Kwenye karatasi, bandika karatasi juu ya meza, gonga msumari mdogo kila upande, funga uzi, na uzi uwe rula yako.

Kuna jamaa anauza kozi ya "siri ya Leonardo", ile namba 1.618. Nitume pesa kwa M-Pesa?

Usitume. Mwaka 1509 mwanahisabati Luca Pacioli alichapisha kitabu kuhusu uwiano huo wa 1.618, na Leonardo da Vinci alimchorea maumbo ya kihesabu yaliyomo. Uvumi umekua kutoka hapo. Leonardo hakuacha andiko lolote linalosema aliijenga Mona Lisa kwa namba hiyo. Unaweza kuubandika ule mzunguko wa konokono unaochorwa kwa namba hiyo juu ya picha yoyote, hata ya kibanda cha mboga, na utaangukia kitu fulani, kwa sababu picha ina vitu vingi.

Ile ya kugawa fremu kwa theluthi nayo mnaisujudia kama amri. Mwingereza John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797 akizungumzia mandhari ya mashambani: mbingu ichukue kiasi gani, ardhi kiasi gani, giza na mwanga vigawane vipi. Ni ushauri mzuri kwa anayeweka kila kitu katikati. Haitakuambia unachotaka kusema. Badala ya kununua siri, chora vijipicha vya ukubwa wa kiberiti kwa rangi tatu tu, nyeusi, nyeupe na kijivu. Kijipicha kisichosomeka kwa rangi tatu hakitaokolewa na rangi thelathini.

Akili unde inachora kwa sekunde. Kwa nini nijifunze pespektivu?

Ikikosea upeo, utajuaje?

Nachora juu ya picha niliyopiga kwa simu, lakini ghorofa zinaanguka kinyumenyume, na walio pembeni wamenenepa. Na je, ni udanganyifu? – Mlango Kubwa

Udanganyifu si hoja yangu; ubovu ndio hoja yangu. Ulisimama chini ya ghorofa, ukaielekeza simu juu. Simu ikielekezwa juu hivyo, mistari ya wima hukusanyika kuelekea nukta ya tatu angani. Isimamishe wima na kuta zitasimama. Walionenepa wametokana na lenzi pana: ukibonyeza 0.5 kwa kuwa njia ni nyembamba, kilicho kwenye kingo za picha kinavutwa. Rudi nyuma, tumia 1 au 2. Kama ukuta wa jirani unakuzuia kurudi nyuma, weka simu mfukoni uchore kwa macho. Picha ya simu ni jicho moja mahali pamoja. Uliponakili picha, ulinakili hata mahali pabaya pa kusimama.

Kila nikichora mtaa wetu picha inajaa: nguo zimeanikwa, nyaya, mitungi, watoto, mbuzi. Nitoe nini? – Msichana wa Mabatini

Swali bora kuliko yote, na ninalijibu kwa historia ya hapahapa.

Mwaka 1997, chini ya MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, mpiga picha wa Marekani Lana Wong na Francis Kimanzi, yule ambaye baadaye alikuwa kocha wa Harambee Stars, waliwafundisha upigaji picha vijana 31 wa umri wa miaka 12 hadi 17 wa Mathare. Waliwapa kamera za plastiki za bei ya chini. Kitabu cha kazi zao, *Shootback*, kilitoka 1999. Kitafute, hata kwa kuazima.

Fikiria kilichowalazimu. Kamera ya namna hiyo haikupi zoom. Ukitaka uso uwe mkubwa, unatembea hadi kwa mwenye uso. Filamu ina picha chache, kwa hiyo unaamua kabla ya kubonyeza. Na kitundu cha kutazamia kina kingo nne zisizobembelezwa: kilicho nje kimetoka. Mpangilio wa picha ni hayo matatu: umekaribia kiasi gani, umeamua nini, kingo zinakata wapi.

Kwa hiyo usiulize utoe nini. Chagua kwanza picha inamhusu nani. Kama ni mama anayeanika nguo, kamba ile ya nguo ndiyo mstari wako mkuu. Ufuate hadi mkononi mwake. Mitungi iweke mbele, mieusi, ikatwe na ukingo wa chini. Nyaya ziache mbili, zile zinazoelekea kwake. Mbuzi aende. Kata kadibodi dirisha la mstatili, ulishike mbele ya jicho na utembee nalo mtaani hadi upate mahali ambapo nusu ya fujo imejificha nyuma ya ukuta bila wewe kufuta chochote.

Mafunzo ya YouTube yanaonyesha vivuli virefu mchana. Nivifuate?

Usivifuate. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Machi na Septemba jua la saa sita liko karibu utosini, na kivuli kinajificha chini ya miguu na chini ya ukingo wa paa. Juni jua linaegemea kaskazini, Desemba kusini. Ukitaka vivuli virefu, amka saa kumi na mbili asubuhi.

Binti yangu yuko gredi ya tano. Amechora nyumba akaonyesha juu ya paa na mlango kwa pamoja, mwalimu akatia alama ya kosa. Anataka baadaye achukue mkondo wa sanaa. – Mama wa Kiamutisya

Mama, mtoto huyo akitazama kutoka mlangoni kwenu anaona migongo ya paa za majirani waliojenga chini. Amechora anachokiona. Kukosoa huku bila kuuliza mtoto alikuwa wapi ni uzembe, na unatoka kwa watu walewale wanaomfundisha kila mtoto wa Kenya kuchora milima miwili ya pembetatu na jua katikati. Muulize alikuwa ameketi wapi, akuonyeshe. Mkondo wa sanaa upo katika sekondari ya juu. Akifika huko, afike na madaftari yaliyojaa.

Tumepewa ukuta kwenye kinjia, tuchore barabara inayoingia ndani kama ya kweli. Na wengine wanatuambia pespektivu ni ya wazungu, tuchore kama Tingatinga. Tushike lipi? – Kikundi cha vijana, pamoja na barua nyingine mbili

Anzeni na kinjia. Mpita njia yuko karibu na ukuta kiasi cha kuugusa, na anautazama kwa upande akitembea. Pespektivu ya nukta moja inasimama vizuri kutoka mahali pamoja tu, na kwenye kinjia chenu mahali hapo ni ndani ya ukuta wa jirani. Barabara yenu itaonekana kama ufa. Kwenye kinjia chora vitu vikubwa, bapa, vinavyojirudia. Barabara yenu ya kina ihifadhini kwa ukuta unaotazama uwanja wa mpira.

Kwa hiyo mko sawa kumkumbuka Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza Dar es Salaam karibu na 1968 na kufariki 1972. Alichora kwenye vipande vya bodi kwa rangi za kung'aa za baiskeli: mnyama mmoja mkubwa, nyuma rangi tupu, bila nukta ya kupotelea hata moja. Hakukosa kitu. Alichagua.

Lakini hiyo hadithi ya wazungu iacheni. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Kairo mnamo 1040, ndiye aliyeeleza kwa majaribio kwamba mwanga hutoka kwenye kitu na kuja jichoni kwa mistari iliyonyooka, na pespektivu imejengwa juu ya wazo hilo. Kitabu chake kilisomwa Ulaya kwa Kilatini muda mrefu kabla msanifu Brunelleschi hajaonyesha mchoro wake wa pespektivu Florence mwanzoni mwa karne ya 15, na kabla Alberti hajaandika kanuni za pespektivu mwaka 1435. Jifunzeni pespektivu, kisha muitupe pale isipofaa. Anayeikataa kabla ya kuijua ni mvivu tu.

Mafunzo yako yana cheti?

Hayana. Leta michoro kumi ya njia ya kwenu, kila mmoja umesimama mahali tofauti, upeo umetiwa alama. Tutaanzia hapo.