Misimbo ya Herufi na Majina Yake

Tuseme mwalimu ameandika orodha ya wanafunzi wa Kidato cha Pili pamoja na mitaa wanayokaa. Katika kompyuta yake neno Chang’ombe linasomeka sawasawa. Orodha hiyo inapelekwa kwenye kompyuta nyingine, na huko neno lile lile linaonekana hivi: Changâ€™ombe. Mwalimu hakukosea kuandika, wala faili halikuharibika njiani. Namba zilizofika ni zile zile zilizotoka. Kilichopungua ni habari moja tu, nayo ni jina la msimbo uliotumiwa kuziandika namba hizo.

Katika makala haya tutaeleza msimbo wa herufi ni nini, kwa nini msimbo mmoja huitwa kwa majina mbalimbali katika mifumo endeshi mbalimbali, na jinsi mwandishi wa programu awezavyo kuyapatanisha majina hayo. Mfumo endeshi, kwa msomaji asiyelizoea neno hili, ni programu kuu inayoitawala kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Windows na Linux ni mifano yake.

Herufi ni namba

Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Ili namba zisomeke kuwa herufi, hapana budi pawepo mapatano kwamba namba fulani ni herufi fulani. Mapatano hayo ndiyo tunayoyaita msimbo. Mwaka 1963 ulitolewa huko Marekani msimbo uitwao ASCII, wenye namba 128, kuanzia 0 hadi 127, ambamo A ni 65 na a ni 97. Mwaka uliofuata kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta zake za System/360, ambazo zilitumia msimbo mwingine, EBCDIC. Neno ng'ombe katika ASCII ni 110, 103, 39, 111, 109, 98, 101. Katika EBCDIC neno hilo hilo ni 149, 135, 125, 150, 148, 130, 133. Anayepewa safu hii ya pili na kuambiwa kwamba ni ASCII hawezi kufika popote, maana sita kati ya namba hizo saba zimezidi 127.

Kiswahili kiandikwacho kwa herufi za Kilatini kina bahati: herufi zake zote, pamoja na ritifaa iliyonyooka ('), zimo katika ASCII. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba taabu ya misimbo ni ya Wafaransa na Wajerumani, wenye herufi zilizovikwa alama juu. Dhana hiyo si sahihi. Programu nyingi za kuandikia hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ritifaa iliyopinda (’) bila kumwuliza mwandishi, na ritifaa iliyopinda haimo katika ASCII. Katika Windows-1252, msimbo wa Windows kwa lugha za Ulaya ya Magharibi, ni namba 146. Katika UTF-8, msimbo uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huandikwa kwa baiti tatu, yaani namba tatu zisizozidi 255 kila moja: 226, 128, 153. Sasa zisome baiti hizo tatu kana kwamba ni Windows-1252. Utapata 226 kuwa â, 128 kuwa €, na 153 kuwa ™. Huo ndio uchafu ulioingia katikati ya Chang’ombe.

Jambo hili huweza kuzidi kuwa baya. Aliyeipokea orodha akiihifadhi upya kwa UTF-8 bila kuisahihisha, alama zile tatu hugeuka kuwa baiti nane. Na msomaji wa tatu akikosea kama wa pili, ataona Ã¢â‚¬â„¢ mahali pa ritifaa moja. Hata hapo kosa laweza kurudishwa nyuma hatua kwa hatua, kwani hakuna namba iliyopotea. Lakini programu ikiamua kuweka alama ya kuuliza mahali pa kila namba isiyoielewa, habari imekwisha potea, na hakuna hesabu itakayoirudisha. Mwanafunzi ambaye jina lake lina ng’ atatafutwa katika orodha asionekane.

Kila mfumo na jina lake

Faili la maandishi matupu halibebi ndani yake jina la msimbo wake. Jina hukaa nje: katika maelezo yanayotangulia barua pepe, katika mipangilio ya mfumo endeshi, au katika kumbukumbu ya mwandishi peke yake. Programu ikitaka kujua msimbo wa mashine huuliza mfumo endeshi, na kila mfumo hujibu kwa lahaja yake.

Chukua ASCII. Linux, isipopangiwa lugha yoyote, hujibu ANSI_X3.4-1968, ambalo ni jina la toleo la mwaka 1968 la kiwango cha Kimarekani. FreeBSD hujibu US-ASCII. Solaris hujibu 646 tu, kwa kufuata nambari ya kiwango cha kimataifa ISO 646. Jibu hilo kwa mtu asiyeijua historia yake ni fumbo tupu. Windows huutambua msimbo huo kwa nambari 20127. Ama msimbo ISO-8859-1, uliotolewa mwaka 1987 kwa lugha za Ulaya ya Magharibi, huandikwa ISO8859-1 katika AIX, iso88591 katika HP-UX, na 28591 katika Windows. UTF-8 ni utf8 katika HP-UX na 65001 katika Windows. Linux nayo hujipinga yenyewe: ukiiuliza jina la msimbo hujibu UTF-8, lakini katika orodha ya mipangilio yake ya lugha huandika utf8.

Chanzo cha vurugu hii si uzembe wa mtu mmoja. Kiwango cha POSIX, ambacho mifumo ya jamii ya Unix hukifuata, hueleza jinsi programu inavyoomba maandishi yageuzwe kutoka msimbo mmoja hadi mwingine, lakini majina ya misimbo kimewaachia watengenezaji. Rejesta ya majina ipo, nayo hutunzwa na IANA kwa ajili ya mawasiliano ya intaneti. Majina yake hayazidi herufi 40, na herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa sawa. Rejesta hiyo hukubali lakabu pia: ISO-8859-1 ina lakabu latin1, l1, IBM819, CP819 na iso-ir-100, miongoni mwa nyingine.

Kupatanisha majina

Njia iliyo salama ina hatua mbili. Kwanza jina lisafishwe: herufi zote zifanywe ndogo, vistari na nukta viondolewe, na sifuri zinazotangulia namba zifutwe. Kwa kanuni hii, iliyomo katika maelezo ya kiufundi ya Unicode, UTF-8, utf8 na hata u.t.f-008 huwa jina moja. Pili, jina lililosafishwa litafutwe katika jedwali la lakabu. Hatua hii haiwezi kuachwa, kwa sababu hakuna usafishaji utakaoifanya 646 ifanane na US-ASCII. Jina lisipopatikana katika jedwali, programu iseme wazi kwamba hailijui. Kubahatisha ndiko kulikotuletea Changâ€™ombe.

Wanafunzi wanaoandika programu waangalie wasilinganishe mwanzo wa jina tu. Ukiridhika kwamba jina linaanza na iso88591, umeichukua pia ISO-8859-15, iliyo msimbo mwingine. Wala wasidhani kwamba namba za majina ya Latin hufuatana na zile za ISO. Latin-1 ni ISO-8859-1, ni kweli. Lakini Latin-5 ni ISO-8859-9 ya Kituruki, ilhali ISO-8859-5 ni ya herufi za Kisirili kama za Kirusi.

Yapo pia majina yasiyosema kweli. Katika Windows neno ANSI humaanisha msimbo wowote uliopangwa katika mashine hiyo: penye mipangilio ya Ulaya ya Magharibi ni 1252, na penye mipangilio ya Kiarabu ni 1256. Baiti 199 katika wa kwanza ni Ç, katika wa pili ni alifu. Kwa maoni yetu neno hilo lisiandikwe kamwe katika maelezo ya faili linalotumwa kwa mtu mwingine. Vivyo hivyo, kurasa nyingi za intaneti zilijitangaza kuwa ISO-8859-1 huku zikitumia namba za Windows-1252, hata kanuni za leo za programu za kusomea kurasa hizo zikaagiza kwamba jina la kwanza lisomwe kana kwamba ni la pili. Tofauti yake ni namba 128 hadi 159, na 146, yaani ritifaa yetu iliyopinda, imo humo.

Kujua jibu la mashine yako, katika Linux andika locale charmap, na katika dirisha la amri la Windows andika chcp. Ukifanya hivyo katika kompyuta mbili za shule, linganisha majibu kabla ya kuhamisha faili lolote.

Mazoezi

1. Namba hizi ziliandikwa kwa Windows-1252: 109, 98, 117, 110, 103, 146, 111. Ni mdudu gani? Kompyuta inayosoma kwa UTF-8 itakwama kwenye namba ipi?

2. Yapange majina haya katika mafungu, kila fungu liwe la msimbo mmoja: utf8, latin5, 646, ISO-8859-5, 65001, US-ASCII, iso88599, 20127.

3. Neno nyang’au limeandikwa kwa ritifaa iliyopinda. Ni baiti ngapi katika UTF-8, na ngapi katika Windows-1252?