Maneno ya Shamba na Mifugo: Maana Yake kwa Mkulima wa Ikutha

Maafisa wa kilimo na mifugo hutumia maneno kadhaa kila mara wanapozungumza barazani. Kila neno lina jambo ambalo mkulima anapaswa kufanya. Yafuatayo ni matano muhimu.

Kupanda kavu: Ni kuweka mbegu ardhini kabla mvua haijanyesha. Katika Ikutha, tegemeo kubwa ni mvua za Oktoba hadi Desemba, nazo huisha mapema. Mtama, kunde na ndengu zilizopandwa kavu hunufaika na mvua kuanzia siku ya kwanza.

Sumukuvu: Ni sumu inayotokana na kuvu kwenye mahindi, njugu na nafaka nyingine zenye unyevu. Haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa bila kukauka vizuri yalisababisha vifo vya watu 125, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Mahindi yanafaa kuhifadhiwa unyevu ukiwa asilimia 13.5 au chini yake. Yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Ili kuyapima, tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa, kisha subiri dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yaanikwe tena. Yaliyoota kuvu yasiliwe wala kulishwa kuku na ng'ombe.

Chanjo: Hupewa mnyama mwenye afya ili kumkinga. Si tiba. Mbuzi akishaanza kukohoa na kupumua kwa shida, atengwe na afisa wa mifugo aitwe mara moja.

Karantini: Ni amri ya kuzuia mifugo kuhamishwa au kuuzwa ili ugonjwa usienee. Anayevusha mbuzi kwa siri wakati huo anaweza kumaliza zizi la jirani, na karantini yenyewe huchukua muda mrefu zaidi kuondolewa.

Muda wa kusubiri: Ni siku zinazopaswa kupita baada ya mnyama kupewa dawa kabla ya maziwa, nyama au mayai yake kutumiwa. Idadi ya siku huandikwa kwenye karatasi ya dawa. Ikiwa haionekani, muulize aliyetibu mnyama.

Mkulima asiyeelewa neno lolote aulize papo hapo barazani, au afike katika ofisi ya kilimo iliyo karibu.